Lenzi ya milimita 28 au 35: hatua moja inayobadilisha picha

WAPIGA picha wanaoamua kununua lenzi yao ya kwanza isiyo na zumu hukutana na swali moja ambalo limewachosha wengi: ichukuliwe ya milimita 28 au ya milimita 35? Kwa hesabu ya mezani tofauti ni milimita saba tu, takriban unene wa penseli. Ndani ya picha, hata hivyo, milimita hizo saba ndizo zinazoweza kuamua iwapo mama wa bwana harusi, aliyesimama mwisho wa safu, atatoka na uso wake au na uso uliovutwa upande.

Swali hilo si la anasa kama linavyoweza kuonekana. Kijana anayeishi kwa kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali anaweza kulazimika kukusanya malipo ya sherehe kadhaa kabla ya kumudu lenzi moja nzuri. Akinunua isiyomfaa, njia inayobaki ni kuiuza kwa bei ya kutupa na kuanza upya, huku wateja wake wakiendelea kuhesabu kasoro katika albamu.

Lenzi zote mbili zimo katika kundi la pembe pana ya wastani. Hazitanui mandhari kupita kiasi kama zile za milimita 20 au 16, wala hazibani kama ile ya milimita 50. Ndiyo maana zinachanganya. Kila moja inaweza kufanya karibu kazi yote ya mwenzake, ila si kwa namna ile ile.

Namba hizo zina maana gani

Urefu wa fokasi, ambao ndio hutajwa kwa milimita, ni umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi mahali taswira inapoangukia, lenzi inapokuwa imelengwa kitu kilicho mbali kabisa. Kadiri urefu huo unavyopungua, ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi.

Hapa lipo jambo linalowapotosha wanaoanza. Kuna "filamu ya milimita 35" na kuna "lenzi ya milimita 35", na vitu hivyo viwili havina undugu wowote zaidi ya kulingana namba. Katika filamu, milimita 35 ni upana wa mkanda wenyewe pamoja na matundu yake ya pembeni. Fremu ya picha inayopatikana juu ya mkanda huo ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera za dijitali zinazoitwa za fremu kamili zimerithi kipimo hicho hicho, na hesabu zinazofuata zinatokana nacho, mpaka itakapoelezwa vinginevyo.

Fremu hiyo ikipimwa kutoka kona moja hadi kona inayoielekea, hupatikana milimita 43 na ushei. Lenzi yenye urefu wa fokasi unaokaribia kipimo hicho huhesabiwa kuwa ya kawaida, kwa maana kwamba haipanui wala haivuti. Lenzi ya milimita 35 iko hatua ndogo tu chini yake, na kwa sababu hiyo picha zake mara nyingi hazijitangazi kwamba zimepigwa kwa lenzi pana. Ile ya 28 imekwisha kuvuka mpaka. Mtazamaji huhisi nafasi, huhisi sakafu na dari, hata kama hajui sababu.

Kwa vipimo vya pembe, lenzi ya milimita 35 huona takriban nyuzi 54 kutoka kushoto hadi kulia, na ya milimita 28 huona takriban nyuzi 65. Mpiga picha akisimama mita 3 kutoka ukutani, ile ya kwanza itamwonyesha mita 3.1 za ukuta huo na ya pili mita 3.9. Eneo lote linaloingia katika fremu, upana kwa kimo, huongezeka kwa asilimia 56. Si haba kwa tofauti ya unene wa penseli.

Hatua moja mbele

Njia rahisi ya kuelewa tofauti hii ni kuipima kwa miguu. Ili kitu kitokee kwa ukubwa ule ule katika lenzi zote mbili, mwenye lenzi ya 28 hana budi kusimama katika asilimia 80 ya umbali anaosimama mwenye lenzi ya 35. Palipohitajika mita 2.5, sasa ni mita 2. Nusu mita hiyo ni hatua moja ya mtu mzima, tena fupi.

Hatua hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, kwa kuwa uhusiano wa ukubwa kati ya vitu vya mbele na vya nyuma hauamuliwi na lenzi bali na mahali mpiga picha aliposimama. Lenzi huamua tu ni kipande gani cha mandhari kinaingia. Mtu akisimama pale pale na kubadilisha lenzi, uso wa mbele na mlima wa nyuma vitabaki na uwiano wao. Lakini karibu hakuna anayebaki pale pale. Lenzi pana humvuta mwenyewe mbele, na anaposogea, cha mbele hukua kwa haraka kuliko cha nyuma.

Ichukuliwe picha ya familia katika harusi, kundi lenye upana wa mita 5, wazee wakiwa wamekaa mbele na safu ya mwisho ikiwa mita moja na nusu nyuma yao. Kwa lenzi ya 35 mpiga picha atasimama kiasi cha mita 4.9 kutoka safu ya mbele, na nyuso za nyuma zitatokea kwa asilimia 76 ya ukubwa wa zile za mbele. Kwa lenzi ya 28 atasimama mita 3.9, na nyuso hizo zitashuka hadi asilimia 72. Ni pungufu ndogo, lakini huangukia watu ambao tayari wamejibanza nyuma na wanaonekana nusu.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni nyumba zenyewe. Sebule nyingi za mjini hazina mita 4.9 za kurudi nyuma baada ya kochi, kabati na meza ya keki kuchukua nafasi yao. Mgongo wa mpiga picha mwenye lenzi ya 35 hugota ukutani, na wajomba wawili hubaki nje ya picha. Hapo hakuna mjadala wa uzuri. Lenzi ya 28 hupata picha na ile nyingine haipati.

Kingo za fremu ndizo zenye lawama nyingi zaidi. Kila lenzi inayochora mistari iliyonyooka juu ya uso bapa hulazimika kuvivuta vitu vya duara vilivyo mbali na katikati. Si ubovu wa kiwanda na hauondoki kwa kununua lenzi ya bei kubwa zaidi. Kichwa cha mtu kilicho kwenye ukingo wa kulia au kushoto wa picha iliyopigwa kwa lenzi ya 28 hutanuka kwa takriban asilimia 19 zaidi ya kimo chake. Kwa lenzi ya 35 ni asilimia 12. Konani hali huzidi, 26 kwa 18.

Asilimia 12 watu wengi hawaioni. Asilimia 19 mwenye uso huiona, hasa akiwa ni mtu asiyependa kuambiwa kwamba amenenepa. Wapiga picha wazoefu wanaotumia lenzi ya 28 katika makundi huacha nafasi tupu kila upande na kuikata baadaye, au huwapinda walio mwishoni waelekee ndani na kuwapanga kwa mkunjo kama wa mwezi mchanga. Asiyejua mbinu hiyo, na aliye peke yake ukumbini huku mshereheshaji akimharakisha, yuko salama zaidi na 35.

Vichochoroni na barabarani

Kuna mahali ambapo mizani huegemea upande wa pili kwa uzito. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una milango ya kuchongwa inayopigwa picha kila siku na wageni na wenyeji, na mingi imesimama katika vichochoro visivyoruhusu mtu kurudi nyuma. Mlango wenye kimo cha mita 3 pamoja na fremu yake, ukipigwa kutoka mita 3 kwa kamera iliyosimamishwa wima, hujaa katika lenzi ya 35 hadi kubaki sentimita chache tu. Hakuna baraza, hakuna mzee aliyeketi kando, hakuna kizingiti cha jirani. Kwa lenzi ya 28 hubaki zaidi ya nusu mita juu na chini, na mlango hupata mtaa wake.

Lakini upana huo una gharama. Anayeinua lenzi pana kutazama juu hupata kuta zinazoegemeana kama zinataka kuanguka. Dawa ni kuishika kamera sawa, bila kuinama wala kuinua, na kukubali kwamba nusu ya chini ya picha itakuwa ardhi. Kama ardhi hiyo ina maji ya mvua, kivuli cha baiskeli au mtoto anayekimbia, ni faida. Kama ni saruji tupu, ni hasara.

Kwa waandishi wa habari, lenzi ya 28 ina sifa nyingine ambayo wahariri wa picha huithamini. Hulazimisha ukaribu, na ukaribu huonekana. Picha ya nusu mwili ya muuza samaki sokoni, fremu ikiwa na kimo cha mita moja, hupigwa kutoka karibu mita 1.5 kwa lenzi ya 35 na kutoka mita 1.2 kwa ile ya 28. Katika umbali huo wa pili haiwezekani kujifanya mpita njia. Mzee husalimiwa shikamoo kwanza, huulizwa habari za biashara, na ndipo kamera huinuliwa. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa kikwazo, wakaipenda lenzi ndefu inayochungulia kutoka ng'ambo ya barabara. Hata hivyo mtu aliyeombwa hutazama tofauti na mtu aliyeibiwa sura, na tofauti hiyo huchapwa gazetini pamoja na picha.

Picha za mikutano ya hadhara nazo zina hadithi yake. Lenzi pana iliyo karibu huwafanya watu wa mbele kuwa wakubwa na umati wa nyuma kuyeyuka, kiasi kwamba uwanja uliofurika huweza kuonekana una nafasi. Lenzi ndefu kutoka mbali hufanya kinyume, ikawabana watu mia wakaonekana bahari. Kati ya 28 na 35 tofauti hiyo si kubwa, lakini mpiga picha anayewajibika kwa wasomaji hana budi kujua inaelekea wapi.

Mabwana wa kazi hawakukubaliana

Historia haimsaidii sana anayetafuta jibu moja. Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuingizwa sokoni na kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, mwaka 1925, ilianza na lenzi ya milimita 50. Ile ya 35 ilifuata mwaka 1930, na ya 28 mwaka 1935 ikiwa na tundu dogo la f/6.3, yaani lenzi ya mchana kweupe tu. Kwa miongo kadhaa 28 ilibaki kuwa kifaa cha pembeni. Leica M3 ya mwaka 1954 haikuwa na mistari ya fremu ya lenzi hizi zote mbili katika kitundu chake cha kutazamia; M2 iliyofuata miaka michache baadaye iliweka ya 35, na ya 28 ilisubiri hadi M4-P mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mmarekani Garry Winogrand hakusubiri. Katika mitaa ya New York alitumia sana lenzi ya 28, akiwakaribia wapita njia na kuijaza fremu hadi kingoni, mara nyingi ikiwa imeinama. Alipofariki mwaka 1984 aliacha takriban mikanda 2,500 ya filamu ambayo haikuwa imesafishwa. Daido Moriyama wa Japani naye alijenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ndogo za Ricoh GR, ambazo tangu GR1 ya mwaka 1996 zilikuwa na lenzi ya 28. Mmarekani Alex Webb, ambaye picha zake za rangi hupanga watu katika tabaka tatu au nne za kina, anajulikana zaidi kwa ile ya 35.

Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki mwaka 2025, hakuchagua. Kwa miaka mingi alitembea na kamera za Leica R zenye lenzi za milimita 28, 35 na 60. Ndiye aliyepiga picha za wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Benako, wilayani Ngara mkoani Kagera, mwaka 1994, picha ambazo zingali zinatumika kueleza ukubwa wa balaa lile. Mwenye uwezo wa kubeba zote anaweza kuacha kusoma hapa.

Viwanda navyo vimegawanyika. Fujifilm ilipotoa X100 mwaka 2011, kamera ambayo lenzi yake haibadilishwi, iliipa mwono wa milimita 35. Sony ilifanya vivyo hivyo kwa RX1 mwaka 2012. Ricoh ikashikilia 28 katika GR ya kihisi kikubwa ya mwaka 2013, na Leica ikachagua 28 kwa kamera yake ya Q mwaka 2015. Ricoh ilipotaka kuwapa wateja wake mwono mwembamba zaidi mwaka 2021, iliruka 35 kabisa na kwenda 40.

Mwanga na kulenga

Katika kumbi zenye taa hafifu lipo jambo ambalo mara nyingi huwa na nguvu kuliko pembe ya mwono. Lenzi za 35 za bei ya kati kwa kawaida hufunguka hadi f/2 au f/1.8. Zile za 28 za bei ya namna hiyo nyingi huishia f/2.8. Kutoka f/2.8 hadi f/2 mwanga unaoingia huongezeka maradufu, na mpiga picha aliyekuwa akilazimika kutumia shata ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde hupata 1 ya 60. Bibi harusi anayecheza haachi kucheza kwa sababu lenzi ni hafifu. Kwa kasi ya kwanza mkono wake utakuwa ukungu, kwa ya pili unaweza kusalimika.

Mchana ushindi huhamia upande wa pili. Kwa tundu la f/8, lenzi ya 28 ikilengwa mita 3.3 huvifanya vitu vyote kuanzia mita 1.65 hadi upeo wa macho kuwa wazi vya kutosha. Lenzi ya 35 katika tundu hilo hilo hulengwa mita 5.1 na huanza kuona vizuri kutoka mita 2.6. Hii ndiyo siri ya wapiga picha wa mitaani kulenga mara moja asubuhi na kutogusa tena pete hadi jioni. Chini ya jua la saa sita mchana, kamera ikiwa imewekwa ISO 400, shata itakwenda zaidi ya 1 ya 1,000 na hakuna kitakachotikisika.

Anayependa mandhari ya nyuma yayeyuke nyuma ya sura moja asitegemee mengi kutoka kwa yoyote kati ya hizi, japo 35 ya f/2 humpa kiasi.

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba lenzi ya 28 inazo zote mbili ndani yake, kwani picha inaweza kukatwa pembeni hadi kufikia mwono wa 35, wakati ile ya 35 haiwezi kutanuliwa. Ni kweli kwa hesabu. Kukata huko huacha asilimia 64 ya picha, na kamera ya megapikseli 24 hubaki na takriban 15, ambazo zinatosha kwa ukurasa wa gazeti na kwa albamu. Leica Q ina kitufe cha kufanya hivyo ndani ya kamera yenyewe. Tatizo liko kwa mtu, si kwa kifaa. Anayetazama fremu ya 28 husogea hadi ijae, na akishasogea hakuna tena cha kukata.

Mtego wa namba

Yote yaliyoelezwa hapo juu hubadilika mara lenzi inapofungwa kwenye kamera yenye kihisi kidogo, na kamera nyingi zilizo mikononi mwa wanaoanza ni za aina hiyo. Katika kamera hizo za Nikon, Sony na Fujifilm urefu wa fokasi huzidishwa kwa 1.5, na katika zile za Canon kwa 1.6. Lenzi ya 35 huona kama ya 52 au 56, ambayo si pana hata kidogo. Ya 28 huona kama ya 42 au 45.

Kwa hiyo mwenye kamera ya namna hiyo anayetaka mwono wa 35 hutafuta lenzi ya milimita 22, 23 au 24, na anayetaka mwono wa 28 hutafuta ya 18. Wapo walionunua lenzi ya Nikon ya DX 35 f/1.8, iliyotoka mwaka 2009 na iliyo nzuri kwa kazi yake, wakidhani wamenunua lenzi pana, wakashangaa sebule haiingii.

Mtego mwingine uko katika soko la vifaa vilivyotumika. Lenzi za zamani za Nikon za aina ya AF-D, zikiwamo 28 f/2.8 na 35 f/2, hutegemea injini iliyo ndani ya kamera ili kulenga. Kamera ndogo kama D40 na zile za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina injini hiyo, na mnunuzi atazungusha pete kwa mkono maisha yake yote. Muuzaji hatamwambia asipoulizwa.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye lenzi ya zumu ya 18-55, ile inayokuja na kamera, anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Aiweke kwenye 18, aifunge kwa plasta isizunguke, na apige picha zote za wiki moja hivyo. Wiki inayofuata aihamishie 23 au 24. Akimaliza, asitazame picha zilizo nzuri, atazame zilizoharibika. Kama wiki ya kwanza zimejaa dari, sakafu na watu wadogo katikati, yeye si mtu wa 28. Kama wiki ya pili zimejaa viwiko na vichwa vilivyokatwa, 35 itamsumbua. Picha za zamani nazo huhifadhi ndani yake urefu wa fokasi uliotumika, na kompyuta huonyesha namba hiyo bila kuombwa mara mbili.

Simu nayo ina neno. Kamera kuu za simu nyingi za sasa zina mwono unaokaribiana na milimita 24 hadi 28. Mtu aliyejifunza kupiga picha kwa simu tayari ana jicho la 28 na ataitumia lenzi hiyo bila shida. Lakini picha zake zitafanana kwa umbo na zile za wageni wote ukumbini wanaoinua simu zao juu, na mteja anayelipa hutaka aone kitu ambacho shangazi hakukipiga bure. Kwa anayefanya kazi za sherehe na ana fedha za lenzi moja tu, hiyo ni sababu ya kutosha kuanza na 35 na kuiacha simu ifanye kazi ya 28 katika sebule finyu. Kwa mwandishi wa habari, mpenda majengo au anayezunguka vichochoro vya Mombasa na Unguja, mpangilio huo hugeuka.

Lenzi yoyote iliyotumika inayonunuliwa mwambao ikaguliwe kwa kuielekeza kwenye mwanga, tundu likiwa limefunguliwa kabisa. Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu kati ya vioo, nyuzi nyembamba nyeupe zinazosambaa kama utando wa buibui. Kuvu iliyokaa muda mrefu hula utandaji wa kioo, na hata fundi akiisafisha alama hubaki. Ikishanunuliwa ikiwa safi, haitunzwi ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini, bali katika sanduku lisilopitisha hewa lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo hubadilishwa au kukaushwa kila vinapojaa.